Maneno Yanayoitafuta Kalemie Mitandaoni

Kufuatilia maneno katika mitandao ya kijamii ya kikazi ni kuipa mashine orodha ya maneno, kisha kuiachia kazi ya kusaka usiku na mchana kila chapisho la hadharani lenye maneno hayo na kumletea mhusika arifa. Mhusika anaweza kuwa mkandarasi anayewinda zabuni, daktari mkuu wa eneo la afya, mwandishi wa habari, kijana mwenye diploma anayetafuta kazi, au mfanyabiashara wa samaki anayetaka kujua mapema lini uvuvi utafungwa ng'ambo ya ziwa. Kazi yenyewe ina hatua nne: kuchagua maneno, kuyafunga yasilete takataka, kuyaweka kwenye chombo kinachofaa, na kusoma kinacholetwa. Hatua ya tatu ndiyo inayopigiwa debe na wauza programu, nayo ndiyo nyepesi kuliko zote. Ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu, na kwa mji kama Kalemie haiwezi kufanywa vizuri na mtu asiyeujua mji huo, soko lake, gati lake na watu wake.

Kalemie iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapo mwaka 1915, na tangu siku hizo mji umekuwa mlango kati ya ziwa na bara. Jimbo la zamani la Katanga lilipogawanywa mwaka 2015, Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo la Tanganyika lenye teritwari sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Mambo mengi yanayoligusa jimbo hili husemwa kwanza mbali nalo, na mara nyingi kwa lugha ambayo wengi wa wakazi wake hawaisomi.

Madini ya lithiamu ya Manono ni mfano ulio wazi. Mvutano juu ya leseni ya mgodi huo umewahusisha kampuni ya AVZ Minerals ya Australia, shirika la serikali Cominière na kampuni ya Zijin ya China, na mwaka 2025 kampuni ya Marekani, KoBold Metals, nayo ikaingia. Hisa za AVZ zilisimamishwa kwenye soko la Australia Mei 2022. Wanahisa, wanasheria na wachambuzi wa madini waliandika juu ya jambo hilo kwa wingi sana kwenye LinkedIn na X, kwa Kiingereza, wakiwa Perth, London na kwingineko. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kalemie, au diwani wa Manono, hakuwa na sababu ya kuyaona machapisho hayo, ingawa yalihusu barabara, umeme na ajira za nyumbani kwake. Kwa upande mwingine, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, uliondoka Tanganyika mwishoni mwa Juni 2022. Ofisi ya namna hiyo inapofungwa, panapungua watu wanaolipwa kusikiliza na kuandika yanayotokea jimboni. Ndiyo maana ufuatiliaji wa maneno, unaoonekana kuwa anasa ya makampuni ya mijini, una maana kubwa zaidi kwa mji wa pembezoni kuliko kwa Kinshasa.

Kazi huanza na majina ya mahali, na hapo ndipo wengi hukwama. "Kalemie" lenyewe ni jina zuri kwa mtafutaji, kwa sababu halifanani na jingine lolote, ila huandikwa pia "Kalémie", na waandishi wa historia na wakusanyaji wa stempu hutumia jina la kikoloni, Albertville. Anayeliongeza Albertville kwenye orodha ataletewa mji wa Ufaransa ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1992, pamoja na habari zake za hoteli, shule na michezo ya barafu. Kwa mtu anayefuatilia mambo ya leo, jina hilo liachwe. Kwa mtafiti wa historia, lifungwe kwa neno la pili, kama vile "Congo" au "Lukuga".

"Tanganyika" ni gumu zaidi. Ni ziwa la nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Ni jina la zamani la Tanzania Bara, na hivyo liko katika kila mjadala wa Muungano. Ni jina la chama cha mawakili wa Tanzania Bara, Tanganyika Law Society, ambacho wanachama wake huandika sana mitandaoni. Ni wilaya katika mkoa wa Katavi, tena iko ng'ambo ya ziwa lilelile, kwa hiyo tangazo la kazi la Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika litamfikia mtu wa Kalemie likiwa na ziwa, samaki na jina la jimbo lake, na bado halimhusu. Ni neno pendwa pia la wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani, ambao huviita vikundi vya samaki wa ziwa hilo kwa majina ya fukwe walikovuliwa, Moba ikiwemo. "Tanganyika" likiwekwa peke yake litaijaza simu kwa siku moja na kumkatisha mtu tamaa siku inayofuata. Liwekwe pamoja na neno linalolifunga Kongo: "province du Tanganyika", au "Tanganyika" pamoja na "RDC", kifupi cha jina la nchi kwa Kifaransa.

Teritwari nyingine zina mitego yake. Moba, likiandikwa kwa herufi kubwa, ni kifupi cha aina ya michezo ya video inayochezwa na mamilioni ya vijana duniani, na machapisho yake ni mengi mno kuliko ya mji wa Moba ulio jirani na Kirungu. Kabalo ni neno la kawaida katika lugha za Kibisaya za Ufilipino, lenye maana ya kujua, kwa hiyo anayelitafuta Facebook atakuta maelfu ya Wafilipino wakieleza wanayojua na wasiyojua, kabla hajafika kwenye habari za mji wenyewe. Kongolo ni jina la ukoo la Wakongo wengi, akiwemo mcheza mpira wa Uholanzi Terence Kongolo, na kila mwanzo wa Januari Kanisa Katoliki hukumbuka wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliouawa mjini Kongolo tarehe 1 Januari 1962. Manono ni kisiwa cha Samoa. Nyunzu peke yake haina mpinzani wa maana.

Ufumbuzi ni kulipatia kila jina mlinzi wake. Mitandao na injini nyingi za utafutaji huelewa alama za nukuu kwa maneno yanayopaswa kukaa pamoja, mabano kwa kundi, OR kwa kuchagua, na namna fulani ya kuondoa: LinkedIn hutumia neno NOT, Google hutumia alama ya kutoa iliyogandishwa na neno. Kwa Manono, mstari unaofanya kazi ni huu: "Manono" (lithium OR Cominière OR Zijin OR AVZ OR KoBold). Kwa Moba: "Moba" (Kirungu OR "province du Tanganyika" OR Kalemie). Kwa Kabalo, penye reli ya shirika la SNCC: "Kabalo" (SNCC OR rail OR Lualaba OR Nyunzu). Ni afadhali kulifunga jina kwa neno linalotakiwa kuliko kujaribu kuyaondoa yasiyotakiwa, maana yasiyotakiwa hayana mwisho. Anayeondoa neno "game" kwenye Moba kesho ataletewa majina ya michezo yenyewe, na keshokutwa majina ya wachezaji.

Baada ya mahali hufuata jambo linalofuatiliwa, na hapa lugha huingia. Matangazo rasmi ya kazi na zabuni Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Mwenye kutafuta "kazi Kalemie" atapata kidogo sana. Tangazo lenyewe litasema "offre d'emploi", "avis de recrutement", au katikati ya maandishi, "lieu d'affectation : Kalemie". Maneno hayo matatu ya mwisho ni hazina. Mashirika mengi huandika kichwa cha tangazo bila jina la mji, na jina hutokea mara moja tu kwenye mstari wa kituo cha kazi. Kwa zabuni, maneno ni "appel d'offres", kifupi chake cha nyaraka "DAO", na "avis à manifestation d'intérêt", linalofupishwa "AMI". Kifupi hiki cha mwisho kisitumiwe peke yake, kwa kuwa kwa Kifaransa ni neno la kawaida la rafiki. Mashirika ya kimataifa huandika mara mbili, Kifaransa na Kiingereza, kwa vifupi tofauti: PAM na WFP, OMS na WHO, HCR na UNHCR, RDC na DRC. Orodha isiyo na vifupi vya lugha zote mbili inaona nusu ya mambo.

Vifupi vinavyofanana lakini vinamaanisha tofauti vinahitaji uangalifu wa pekee katika afya. Kalemie iko katika ukanda ambao kipindupindu hurudi mwaka hata mwaka, na mji huo uliwahi kupewa chanjo ya kunywa dhidi ya ugonjwa huo katika kampeni za mwaka 2013 na 2014. Mhudumu wa afya wa Kongo akiandika "CTC" anakusudia kituo cha kutibu kipindupindu. Mhudumu wa Tanzania akiandika "CTC" anakusudia kliniki ya huduma na matibabu ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Arifa inayochanganya hivyo viwili, kwenye ziwa moja lenye pande mbili, inaweza kumfanya mtu aamini kuna mlipuko Kigoma wakati hakuna lolote.

Kifaransa cha ofisini hakitoshi hata kidogo kwa kuyasikia mambo yanapoanza. Muuguzi, nahodha wa boti, mwalimu na mama wa sokoni wakiandika kwenye ukurasa wa chama chao au kikundi cha Facebook cha mji, huandika Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani yake. Ugonjwa wataandika "choléra" au "kolera", mara chache "kipindupindu". Watu, kwa Kiswahili cha Katanga, mara nyingi huwa "batu". Mvua ikizidi, kitabu cha sarufi kitasema maji yamejaa, na mwandishi wa Kalemie atasema "maji imejaa". Hayo si makosa ya kusahihishwa na mfuatiliaji. Ni maneno halisi ya shahidi aliye mahali pa tukio, na orodha ikiyakosa, inamkosa shahidi na kumbakiza msemaji wa ofisi ambaye ataandika siku tatu baadaye.

Umbo la kitenzi cha Kiswahili nalo linasumbua mashine. Mzizi mmoja wa kufurika unaleta "imefurika", "yamefurika", "inafurika", "ilifurika", "yakafurika", na LinkedIn wala Google haitafuti kipande cha neno. Hutafuta neno zima. Kanuni inayosaidia ni kutanguliza nomino, kwa sababu nomino hubadilika kidogo: "mafuriko", "inondation", "inondations", "ziwa", "sinistrés". Kisha vitenzi viongezwe vichache, vile vinavyosemwa zaidi, katika umbo la wakati timilifu: "imefurika", "imezama", "imevunjika". Orodha ya maneno ishirini yaliyochaguliwa kwa kusoma machapisho ya watu wa Kalemie ina thamani kuliko maneno mia mbili yaliyotolewa kwenye kamusi.

Samaki ndio kipimo kizuri cha jambo hili. Samaki yuleyule ambaye wanasayansi humwita Lates stappersii ni mgebuka kwa Kigoma na mukeke kwa Bujumbura. Dagaa wa Kigoma ni ndagala wa Bujumbura na Uvira, na mtu wa maendeleo anayeandika Kifaransa atawaita dagaa hao "petits pélagiques" au "fretin". Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na tangazo lake lilikuwa la Kiswahili sanifu: "kufungwa kwa shughuli za uvuvi". Mfanyabiashara wa Kalemie anayefuatilia "fermeture de la pêche" pekee angelikosa, na bei ingempandia bila yeye kujua kwa nini. Orodha ya uvuvi kwa mji huu haina budi kuwa na Kifaransa, Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha Tanzania na Kirundi, kila lugha kwa maneno machache inayoyatumia kweli.

Chombo cha kufanyia kazi huchaguliwa baada ya hayo yote. Kilicho rahisi kabisa ni huduma ya bure ya arifa ya Google, iliyoanza mwaka 2003: mtu huandika mstari wake wa maneno, huchagua kupewa arifa mara moja kwa siku au kwa wiki, na barua pepe huja yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba haioni kilicho nyuma ya mlango wa kuingilia. Machapisho ya LinkedIn yaliyoachwa wazi kwa umma huonekana kwa sehemu, na mtu anaweza kuyalenga kwa kuandika site:linkedin.com/posts kabla ya "Kalemie". Ndani ya LinkedIn yenyewe kuna arifa za nafasi za kazi, ambazo ni nzuri na za bure. Kwa machapisho ya kawaida mtu huandika mstari wake kwenye sehemu ya kutafuta, huchagua machapisho, huyapanga kwa tarehe, kisha huhifadhi anwani ya ukurasa huo wa matokeo kwenye simu na kuufungua kila asubuhi. Ni njia ya mkono, na kwa mji wenye machapisho machache kwa siku inatosha kabisa. Programu zinazojifanya mtu na kukusanya machapisho kwa wingi hukiuka masharti ya LinkedIn, na akaunti inaweza kufungwa. Kwa kijana ambaye akaunti hiyo ndiyo wasifu wake wa kazi, hasara hiyo ni kubwa kuliko faida.

Facebook ndiko Kalemie iliko kwa wingi. Huko wasimamizi wa vikundi wanaweza kuweka maneno ya tahadhari, ili chapisho au maoni yenye neno hilo yaletwe mbele yao. Kwa watu wa nje njia zimezidi kuwa finyu. CrowdTangle, chombo cha Meta kilichotumiwa na waandishi wa habari na watafiti duniani kote, kilifungwa 14 Agosti 2024, na njia ya bure ya programu kusoma X ilifungwa mwaka 2023. Makampuni yanayouza huduma hii bado yapo, kwa malipo ya dola za kila mwezi ambayo chama cha wanahabari wa Kalemie hakiwezi kuyamudu, na programu zao hazisomi Kiswahili cha Kongo kwa namna inayostahili bei hiyo. Kununua mega za intaneti na kumlipa kijana mmoja makini ni matumizi bora ya fedha ileile.

Afrika Mashariki imekwisha kuona uthibitisho wa hilo. Mradi wa Umati, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2012 na kituo cha iHub kwa ushirikiano na shirika la Ushahidi, ulifuatilia lugha ya chuki mitandaoni kuelekea uchaguzi wa Kenya wa 2013. Wafuatiliaji wake walikuwa watu waliosoma machapisho moja moja kwa Kiswahili, Kiingereza, Sheng na lugha nyingine za Kenya. Waligundua kwamba sehemu kubwa mno ya maneno ya hatari ilikuwa Facebook, Twitter ikiwa na kiasi kidogo sana. Mwaka 2022 tume ya utangamano ya Kenya, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa; ndani yake yalikuwemo "madoadoa" na "kwekwe". Mkulima huandika kwekwe kila msimu akizungumzia shamba lake. Mashine haiwezi kujua ni lini neno hilo linamaanisha majani na ni lini linamaanisha jirani. Katika jimbo ambalo mapigano ya Watwa na Waluba yalilipuka mwaka 2013 na kuwaka tena 2016, uamuzi wa namna hiyo lazima ufanywe na msomaji anayejua nani anamwambia nani, na kwa sauti gani.

Kampala nako kuna funzo. Maabara ya Umoja wa Mataifa ya Pulse Lab ilitengeneza chombo cha kusikiliza matangazo ya redio ya Uganda na kunasa maneno yaliyotajwa kwa Kiluganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda, kwa kutambua kwamba watu wa vijijini huzungumza redioni kuliko kuandika. Kalemie ni mji wa redio pia. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002, ina wasikilizaji wake huko, na redio za mtaa zinapokea simu za wasikilizaji kila siku. Mfuatiliaji wa maneno mjini humo anayepuuza vipindi hivyo anafuatilia wenye simu za kisasa tu.

Kisha inakuja hatua ya kusoma, ambayo ndiyo huua miradi mingi. Arifa isiyosomwa ni sawa na isiyokuwepo. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina, asome kwa saa moja inayojulikana, na aandike kwenye jedwali: tarehe, kiungo, neno lililonasa, shirika au ukurasa ulioandika, kinachodaiwa, kama kimethibitishwa, na nani ameambiwa. Safu ya neno lililonasa huonekana ya kipuuzi mwanzoni. Baada ya miezi miwili ndiyo inayoonyesha maneno yanayoleta habari na yanayoleta kelele tu.

Uthibitisho ni wajibu usiorukwa. Chapisho likisema boti imezama karibu na Kalemie, msomaji anajua jambo hilo linawezekana, kwa sababu MV Mutambala ilizama ziwani Desemba 2014 na kuua zaidi ya watu 100. Kuwezekana kwake ndiko kunakofanya uongo uaminike. Picha inaweza kuwa ya Mutambala, au ya ajali ya Kituku, Goma, ya Oktoba 2024. Picha itafutwe kinyumenyume kwa injini ya picha, kisha simu ipigwe gatini kwa mtu anayejulikana, ndipo habari ipelekwe mbele. Tangazo la kazi nalo lina alama yake: likitaja "frais de dossier" au malipo yoyote ya kutumwa kwa simu, ni la kitapeli mpaka ithibitike vingine, kwani mashirika ya Umoja wa Mataifa hutangaza wazi kwamba hayatozi ada kwa waombaji. Maneno hayo ya malipo yanafaa kuwa kwenye orodha yenyewe, yakiwa pamoja na "Kalemie", ili utapeli unaswe kabla haujawafikia vijana.

Hesabu ya arifa isichukuliwe kuwa hesabu ya matukio. Google ilijaribu kati ya 2008 na 2015 kukadiria homa ya mafua kwa kuhesabu maneno ambayo watu waliyatafuta. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 ilikadiria zaidi ya mara mbili ya hali halisi ya Marekani. Huenda habari za gazetini ziliwafanya wazima nao watafute. Wiki ambayo machapisho ya kipindupindu Kalemie yameongezeka mara tatu inaweza kuwa wiki ya mkutano wa wafadhili. Kinachohesabu wagonjwa ni daftari la kituo cha afya. Arifa kazi yake ni kumfanya mtu alifungue daftari hilo mapema.

Kuna mahali mashine haifiki, nako ni WhatsApp, ambako mambo mengi ya mji husemwa kwanza. Mazungumzo yake yamefungwa kwa usimbaji, na ni vyema yabaki hivyo. Njia halali ya kuyasikia ni kuwa mwanachama wa kikundi kwa jina la kweli na kwa kazi inayojulikana. Pia mtandao wenyewe huzimwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa Kongo kwa karibu siku 20, na Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na watu wakikimbilia kusini kwa boti hadi Kalemie, upatikanaji wa X na TikTok ulibanwa nchini. Siku ambazo ufuatiliaji ungehitajika kuliko zote ndizo siku ambazo haupo. Ofisi yenye busara huwa na orodha ya namba za simu za watu wa Moba, Nyunzu na Kabalo iliyoandikwa kwenye karatasi.

Sheria nayo ina neno. Kongo ina kanuni ya mambo ya kidijitali tangu 13 Machi 2023, na ndani yake kuna ulinzi wa data za watu binafsi. Zaidi ya sheria, mstari ambao ofisi ya Kalemie inapaswa kuuheshimu ni huu: maneno ya orodha yawe ya mahali, mambo, taasisi na nyaraka; jina la mtu wa kawaida lisiingie. Kufuatilia "lithium Manono" ni kutafuta habari. Kufuatilia jina la mwalimu aliyelalamikia mshahara ni upelelezi, na katika jimbo lililopitia yaliyopitia Tanganyika, jedwali lenye majina ya watu na maneno yao linaweza kuangukia mikono ya mtu mwenye bunduki. Jedwali lihifadhiwe kwa nywila, lisomwe na wachache, na safu zenye utambulisho wa mtu zifutwe jambo likiisha.

Orodha huchakaa haraka kuliko chombo. Kampuni hubadili majina, wakimbizi wanapata kambi mpya, ugonjwa mpya unapata jina la mtaani, na mradi wa barabara unaoitwa kwa kifupi cha mfadhili leo utaitwa kwa kifupi kingine bajeti ijayo. Mapitio yafanyike kila miezi mitatu, kwa kukaa na watu wanne au watano wenye kazi tofauti: mtu wa gatini, muuguzi, mwanahabari wa redio, mama anayeuza samaki, karani wa ofisi ya jimbo. Kila mmoja aulizwe ni maneno gani ameyasikia au kuyasoma tangu mapitio yaliyopita ambayo hakuwa akiyasikia zamani. Maneno ambayo hayajanasa kitu cha maana kwa miezi sita yaondolewe, na tarehe ya kuondolewa iandikwe pembeni pamoja na sababu, ili atakayerithi kazi hiyo asiyarudishe bila kujua kwa nini yalitolewa.